Picha Haikatizwi

Watu wazima wa mtaa ule, wale ambao siku hizi wana vitambi na dawa za presha mfukoni, wakikutana na Kinywa njiani bado humwamkia kwa vidole viwili vilivyonyooshwa mfano wa bastola. Hawasemi shikamoo kwanza. Shikamoo huja baadaye, baada ya kupigwa risasi. Kinywa naye hushusha mkono kiunoni taratibu, huchomoa bastola isiyokuwepo, huwafyatulia, kisha hupuliza moshi kwenye ncha ya kidole. Ana miaka sabini na mmoja na mkono unamtetemeka, lakini hajawahi kumkosa mtu.

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni katika ukumbi wa video, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watu picha za kauboi. Kauboi akisema, Kinywa anasema. Farasi akikimbia, ulimi wake unakimbia. Alikuwa polisi, alikuwa jambazi, alikuwa mjane anayelilia shamba lake, na siku akiwa na furaha alikuwa hata farasi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Na jambo moja liwekwe wazi mapema, maana mtaa mzima ulilijua na ukalinyamazia: Kiingereza cha Kinywa kilikuwa cha kuombea maji. Maneno ya wale wazungu hakuyaelewa. Aliwasoma nyuso. "Mwenye hasira ana hasira kwa lugha zote," alikuwa akisema, "na mwongo hajulikani kwa maneno, hujulikana kwa macho." Basi akawatungia maneno yake mwenyewe, na wenye kusoma waliotokea shule za maana walikiri kwamba ya Kinywa yalikuwa matamu kuliko ya wenye picha.

Ukumbi ulikuwa na sheria mbili, zote za kwake.

Ya kwanza: stelingi hafi. Hii kila mtoto aliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Tatizo ni kwamba miaka ya mwisho zilianza kuletwa picha nyingine, nzito, ambazo stelingi wake, shujaa mwenyewe, ni mzee mwenye kikohozi na dhambi nyingi, anayeua bila raha na kufa bila hata mtu wa kumfumba macho. Picha za namna hiyo Kinywa alizimudu kwa ujanja. Akiona mambo yanaelekea pabaya alikohoa mara mbili, na mwenzake aliyekaa kwenye deki akazima mashine. Hapo Kinywa alimalizia kwa mdomo: risasi imempata begani tu, jamani, farasi anamsubiri, kule mbele kuna mwanamke anachemsha kahawa. Watu walipiga makofi wakaenda zao.

Sheria ya pili: picha haikatizwi. Kinywa akishika kipaza sauti, hakuna wa kumsemesha. Awe mwenye ukumbi, awe polisi, awe mkewe. Anayekatiza hutolewa nje na mwezi mzima haingii. Siku moja mwanawe mwenyewe, mtoto wa pekee, akiwa na miaka saba, alipita katikati ya mabenchi akamvuta suruali kumwambia jambo. Kinywa hakuinama. Alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti nene ya jambazi, "Nani huyu anayemkatiza baba yake? Mleteni tumtundike!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mtoto alikwenda akakaa chini karibu na deki, na hakumkatiza baba yake tena maisha yake yote.

Yule mwenzake wa kwenye deki aliitwa Fundi, na Fundi ndiye hasa mwenye habari hii.

Fundi alikuwa mkubwa kwa Kinywa kwa miaka minne, na mdogo wake kwa maneno elfu. Mmoja alizungumza, mwingine alisafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti. Mkanda ukiliwa na mashine, Fundi aliuchomoa polepole, akakata palipokunjika, akaunganisha kwa gundi ya karatasi, na picha ikaendelea ikiwa imepungukiwa na farasi mmoja au wawili. Miaka ishirini na sita walikaa hivyo, hatua nne kati yao, wakielewana kwa kukohoa.

Sasa ukumbi ni duka la magodoro. Fundi yuko kwa binti yake, mwalimu wa sekondari, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama kamba ya nguo. Sukari ilianza na kidole cha mguu, ikachukua mguu, ikapanda ikachukua macho. Kinywa humtembelea kila siku baada ya chakula cha mchana. Hukaa kwenye kiti cha plastiki chenye ufa, ambao humfinya paja kila akisahau, na humsimulia Fundi yanayopita dirishani: shati limeanguka, paka ameliona, paka amelilalia. Fundi hucheka kwa pua.

Jumatatu moja Fundi hakucheka.

"Kinywa," alisema, "nataka picha."

"Picha ipi?"

"Ya Babu Chuma."

Kiti kilimfinya Kinywa naye hakusikia. Babu Chuma lilikuwa jina ambalo yeye mwenyewe, kama alivyowabatiza wote, alimpa mzee mmoja kwenye picha moja tu: muuaji wa zamani aliyeacha kuua akawa anachonga majeneza, mikono inatetemeka, macho yana ukungu. Mwanawe anakamatwa na watu wa Kofia Nyeusi kwenye mji wa machimbo. Mzee anafukua bastola aliyoizika chini ya kizingiti, anamwita rafiki yake wa tangu ujana, Kiguru, mwenye mguu mbovu, na wawili hao wanaondoka kwenda kumkomboa kijana. Mtaa mzima humtania Kinywa kwa kumwita Babu Chuma, na picha ile yeye mwenyewe ameionyesha mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, na hakuimaliza.

"Binti yangu ameipata kwenye kompyuta yake," Fundi alisema. "Yote. Na mwisho upo."

"Fundi, kaka yangu, picha zimejaa duniani. Nikuelezee ile ya mapacha na ule mgodi wa..."

"Siku zangu zimekwisha, Kinywa. Daktari amemwambia binti yangu wakiwa mlangoni, wakidhani aliyepofuka amekuwa kiziwi pia. Nataka ile. Mpaka mwisho. Na safari hii usinidanganye. Akifa, sema amekufa."

Binti yake alikuwa amekaa kwenye jamvi akisahihisha madaftari. Kalamu nyekundu ilisimama.

Ombi lilikuwa dogo, na Kinywa aliujua uzito wake. Neno lile hakuwahi kulisema. Alilikwepa ukumbini kwa stelingi wa kila rangi, na nyumbani alilikwepa kwa mmoja. Mwanawe alikuwa mwashi, ana miaka ishirini na mbili, alipodondoka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa likijengwa. Tangu siku ile Kinywa husema "alipoondoka". Husema "kabla hajatuacha". Mkewe huenda makaburini peke yake kila mwaka, na Kinywa kila mwaka huumwa miguu.

Siku yenyewe aliikumbuka hivi, na alikuwa ameikumbuka hivyo mara nyingi mno. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Babu Chuma na Kiguru wametoka mtoni, wameanza kuona mapaa ya mji kwa mbali. Kinywa yuko kwenye kilele cha sauti yake. Mara televisheni ikawa na chenga. Fundi akasimama, uso umembadilika, akasema, "Mkanda umekatika." Watu wakapiga miluzi. Fundi akamshika mkono akamtoa nje, na pale nje alikuwa amesimama mwashi mmoja mwenye saruji hadi kwenye kope, akasema mtoto ameanguka, yuko hospitali. Walikimbia. Lakini Kinywa alirudi kwanza kuchukua koti lake, alilolitundika nyuma ya mlango, maana aliona hawezi kuingia hospitali kama mhuni. Walipofika, muuguzi alimtazama Fundi badala ya kumtazama yeye, akasema, "Kama dakika kumi zilizopita."

Dakika kumi. Tangu hapo Kinywa hajavaa koti, iwe mvua iwe baridi. Alilaumu lile koti kwa miaka kumi na tisa kwa sababu jambo lingine la kulaumu hakulipata.

Na sasa rafiki yake wa pekee anakufa, na anaomba kitu kimoja. Utamnyima vipi mtu wa hivyo?

"Haya," Kinywa alisema. "Kesho."

Kesho yake binti aliweka kompyuta juu ya mto, karibu na goti la baba yake, akapunguza sauti ya wale wazungu kama walivyozoea. Kinywa alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame, lakini hajawahi kueleza picha amekaa. Alikamata kijiko cha dawa akakisogeza mdomoni kama kipaza sauti, halafu akaona haya akataka kukirudisha.

"Kishike tu," alisema Fundi, ambaye alikuwa haoni. "Bila hicho utababaika."

Na Kinywa akaanza. Loo, mtu mzima hakuwa amesahau kitu! Alimfufua Babu Chuma na kikohozi chake, akamfufua Kiguru na manung'uniko yake, akapanda farasi, akateremka farasi. Palipopigwa watu risasi kwenye baa hakuficha damu; ilikuwa nyingi na haikuwa na utukufu wowote, vijana wanakufa wakiwaita mama zao, na Babu Chuma anatapika nyuma ya pipa kwa kuona kazi ya mikono yake. Binti aliacha madaftari. Jirani aliyekuja kuazima ungo alisimama mlangoni akasahau ungo.

"Sasa wamefika mtoni," alisema Kinywa. "Njia ni mbili, kaka. Ya mkato inapita majini, maji yamejaa. Ndefu inazunguka mlima. Babu Chuma anataka ya mkato. Kiguru anamtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Anamwambia, twende ya mlimani, mzee mwenzangu, muda upo. Kijana hawamnyongi leo."

"Muda upo," Fundi alirudia.

"Ndivyo asemavyo. Wanazunguka. Wanalala mlimani. Kumekucha. Wanashuka, na kule... kule mbele yanaonekana mapaa."

Kinywa alikishusha kijiko. Hapa ndipo mkanda ulipokatikia. Mbele ya hapo alikuwa hapajui.

"Simamisha, mwanangu," Fundi alimwambia binti yake. Jirani wa ungo, ambaye alikuwa na akili, aliondoka. "Kinywa, kaa."

"Nimezoea kusimama."

"Basi simama. Mkanda haukukatika."

Kinywa alidhani hajasikia vizuri. "Nini?"

"Siku ile. Mkanda haukukatika. Niliuzima mimi." Fundi alikuwa amelala chali, macho yake yaliyokufa yanatazama dari. "Yule mwashi alikuja wakiwa mtoni. Hapo hapo mtoni, wanabishana njia. Alinijia mlango wa nyuma akaniambia mtoto wa Kinywa ameanguka, amepelekwa hospitali, anamwita baba yake. Nikamuuliza ameumia wapi. Akasema mguu umevunjika, mengine hajui. Nikakutazama. Ulikuwa umefumba macho, unasema maneno ya Kiguru, ukumbi mzima kimya. Nikasema, mguu tu. Ngoja amalizie. Picha haikatizwi."

Nje kamba ya nguo ililia kwenye msumari wake.

"Nilikaa nayo nusu saa. Yule mwashi kila mara ananishika bega, nami namwambia subiri. Halafu ikanijia tu, kwamba mtu aliyevunjika mguu hamwiti baba yake. Humwita daktari. Ndipo nikazima. Nikakudanganya kwamba umekatika, na wewe ukaamini, na ulipoamini sikujua tena pa kuanzia. Baada ya mazishi niliutazama mwisho wake peke yangu, nikaukata kwa mkasi nikauchoma, usije ukauona. Si koti, Kinywa. Nimekusikia ukilitukana lile koti miaka kumi na tisa. Lilikula dakika moja. Nusu saa niliila mimi."

Kinywa aliweka kijiko mezani. Alikiweka vizuri kabisa, sambamba na chupa ya dawa. Kisha akatoka. Hakusema kwaheri, hakufunga mlango. Alipofika kwenye kona alijikuta amekunja ngumi kama mtoto wa shule, na hakuwa na wa kumpiga.

Siku mbili hakurudi. Saa ya baada ya chakula ilipofika alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake akitazama barabara. Wale vijana wa zamani wakampiga bastola za vidole, hakujibu. Mmoja akauliza, "Babu Chuma, leo risasi zimeisha?" na mwenzake akamvuta waende.

Siku ya pili mkewe alikuja akakaa ngazi ya chini yake, na bakuli la kuchambulia mchele. Ni mwanamke asiyeuliza kitu mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa ameshauliza. Kinywa akamwambia yote. Alipofika kwenye ile nusu saa, vidole vya mkewe viliacha kuchambua. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye pumba.

"Ameniulia mtoto," alisema Kinywa. "Rafiki yangu. Mtu niliyekula naye."

"Jengo ndilo lililomuua."

"Nusu saa, mke wangu! Angalau ningemwona. Angalau angenisikia."

"Ndiyo." Alisema ndiyo ile bila kumpunguzia. Halafu akageuka akamtazama. "Sasa na wewe niambie kweli. Yule mwashi angeingia ukumbini, amejaa saruji, akakushika bega katikati ya picha, ungemfanya nini?"

Kinywa alimwona mtoto wa miaka saba anavuta suruali, akausikia ukumbi unacheka. Hata leo hakujua mtoto yule alitaka kumwambia nini. Hakuwahi kumuuliza.

"Amekufa, mzee wangu," mkewe alisema kwa upole. "Hajaondoka. Ukiendelea kusema ameondoka utakaa kwenye ngazi hii kumsubiri mpaka nikuzike na wewe."

Simu ililia ndani. Mkewe alikwenda akarudi nayo ameishika mbele yake kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti ya binti wa Fundi, na ilikuwa na haraka: "Baba Mdogo, Baba anakuita."

Kinywa aliinuka. Shati lilikuwa na vifungo viwili tu, na miguuni alivaa kandambili, moja yake na moja ya mkewe. Mkewe alisema, "Ngoja nikupe..." na yeye hakungoja. Alikwenda hivyo hivyo mbele za watu, mzee mzima, kandambili ya bluu na ya kijani, anakimbia mwendo ambao si wa kukimbia na si wa kutembea. Dukani kwa magodoro walimwita wampe maji. Hakugeuka.

Alimkuta Fundi amelazwa juu ya mito mitatu, anavuta pumzi kwa mbali na kwa taabu. Mkono wake ulikuwa unapapasa shuka.

"Nimekuja," alisema Kinywa, akaushika.

"Umekuja..." Fundi alipumzika kwanza. "Umekuja kumalizia?"

Alikuwa amekuja na maneno mengine njiani, makali na ya haki, na yote aliyaona yamemwishia mlangoni. "Nimekuja kumalizia," alisema.

Binti aliifungua kompyuta pale pale ilipoachwa, kwenye mapaa. Kinywa hakusimama. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa Fundi ndani ya wake, na kijiko hakukihitaji.

"Wanaingia mjini," alisema taratibu. "Ni asubuhi. Barabara ni tupu, kaka. Mbwa tu. Babu Chuma anatangulia, bastola mkononi, hakuna wa kumpiga. Watu wa Kofia Nyeusi wameshaondoka. Wamemaliza kazi yao." Aliona kilichokuwa mbele kabla ya kukisema. Fundi aliukaza mkono. "Kuna mti wa kunyongea. Kuna kijana. Wameshamshusha, wamemlaza kwenye ubao, wamemfunika uso na kofia yake. Babu Chuma anashuka kwenye farasi. Anaiondoa ile kofia."

"Usinidanganye," Fundi alinong'ona.

"Sikudanganyi. Amechelewa. Mtoto amekufa." Akavuta pumzi, akarudia, maana mara ya kwanza alikuwa amelisema kuhusu picha tu. "Mtoto wangu amekufa, Fundi. Alikufa akiniita."

Chozi lilitoka kwenye jicho lisiloona likaingia sikioni. Kinywa alilifuta kwa kidole gumba, akaendelea. Babu Chuma amekaa kwenye kiti cha mbao barazani, kofia ya mwanawe gotini. Damu inamchuruzika chini ya koti. Jeraha la kule kwenye baa alilificha njia nzima. Kiguru anakuja akichechemea. Amesimama mbele yake, hawezi kumtazama, ameshika kofia yake kama mtu aliyekwenda kuomba kazi. Babu Chuma anainua uso. Midomo yake inafunguka, inasema neno moja.

Binti wa Fundi, anayefundisha lugha ile kila siku ya Mungu, alilisikia. Na Kinywa naye alilisikia, kwa sababu katika Kiingereza chote cha dunia lile ndilo neno aliloliweza. Mzee wa kwenye picha alikuwa anaomba maji.

"Anamwambia," alisema Kinywa, "Kiguru, ndugu yangu, njia niliichagua mimi. Tangu zamani. Wewe ulinifuata tu. Njoo ukae hapa karibu nami, umechoka."

Binti aliinamisha kichwa, hakusahihisha.

"Na Kiguru anakaa," Kinywa aliendelea. "Wamekaa wote wawili barazani, mabega yao yanagusana. Jua linapanda. Babu Chuma anaangalia barabara, anasema, unakumbuka, mwenzangu, siku ile farasi wetu walipotoroka wote na sisi tukarudi kwa miguu, wewe umebeba tandiko kichwani, nami..."

Picha haikuwa na habari yoyote ya tandiko. Kwenye kioo wazee wawili walikuwa wamekaa kimya tu. Kinywa alikuwa amefumba macho, maneno yanamtoka kama zamani, moja linamvuta jingine, na hakuona kilichotokea kitandani.

Binti yake Fundi aliona. Alisogea, akainama juu ya baba yake, akaweka kiganja mbele ya pua yake, akangoja, akangoja tena. Kisha akamtazama Kinywa. Alikulia kwenye ukumbi ule, chini karibu na deki, bega kwa bega na yule mtoto mwingine, na sheria ya pili aliijua kabla ya kujua kusoma. Mkono wake uliinuka ukasimama hewani. Mwishowe ulimshika Kinywa begani.

"Baba Mdogo," alisema, "nisamehe. Nakukatiza."

Kinywa alinyamaza katikati ya neno. Alifumbua macho, akatazama mito, akatazama mkono uliokuwa bado ndani ya wake. Kwenye kioo Babu Chuma alikuwa angali amekaa kitini, hai, picha imebakiza dakika chache. Kinywa alinyoosha kidole akaizima.

"Nikatize, mwanangu," alisema. "Amekufa?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Amekufa," alisema Kinywa, na akalia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka jirani wa ungo akaja.